Ukumbi wa Mji wa Boulder, Australia Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wanaopanga kwenda Boulder, wanaofuatilia majengo ya zamani ya miji ya machimbo, na mafundi wanaotaka kujua jengo la tofali na chokaa la zaidi ya miaka 100 linavyougua na linavyotibiwa. Maswali ya usafiri yako karibu na mwisho.

Boulder ni wapi, na kwa nini jina lake huandikwa pamoja na Kalgoorlie?

Boulder iko kama kilomita 600 mashariki ya Perth, katika nchi kame yenye udongo mwekundu. Mwezi Juni 1893 Paddy Hannan na wenzake wawili, Tom Flanagan na Dan Shea, waliokota dhahabu karibu na kilima cha Mount Charlotte. Hannan akapanda farasi hadi Coolgardie kusajili eneo, na tarehe 17 Juni usajili ukakamilika. Habari ikavuja, na katika siku chache mamia ya watu walikuwa njiani. Hapo ndipo ilipozaliwa Kalgoorlie.

Boulder ina asili yake. Kilomita chache kusini ya alipookota Hannan, watafutaji wengine walisajili maeneo ambayo mwanzoni yalidharauliwa. Chini yake kulikuwa na mwamba uliojaa dhahabu kiasi kwamba ukanda ule ukaitwa Golden Mile. Mgodi mmoja wa pale uliitwa Great Boulder, na makazi ya wachimbaji yaliyoota ubavuni mwake yakachukua jina hilo. Miji hiyo miwili ilikaa na halmashauri mbili kwa miongo mingi, hadi 1989 ilipounganishwa kuwa Kalgoorlie-Boulder.

Jina la Kalgoorlie lenyewe linatokana na neno la wenyeji wa asili wa eneo lile, Karlkurla, linalohusu tunda la porini la huko. Watu hawa walikuwapo muda mrefu kabla ya Hannan.

Ukumbi ulijengwa lini? Wakati wa mbio za dhahabu?

Ulijengwa 1908, mbio zikiwa zimekwisha. Wengi hukosea hapa, hata baadhi ya vipeperushi vya utalii. Uzalishaji wa dhahabu Australia Magharibi ulifika kilele 1903, kisha ukaanza kuteremka. Kufikia 1908 mchimbaji wa sururu na karai alishaondoka au ameajiriwa kwa mshahara. Waliobaki ni wa migodi ya shimo refu, wenye mke, watoto na nyumba ya bati.

Aliyefika machimboni kwa mara ya kwanza hakuwa na haja ya ukumbi. Alihitaji turubai, maji na mahali pa kupimia dhahabu. Ndivyo ilivyokuwa Chunya wakati wa dhahabu ya Lupa, na ndivyo yanavyokuwa machimbo mapya hadi leo: viroba, miti na bati. Tofali la kuchoma huja pale watu wanapoamua kwamba watazikwa hapo. Ukilitazama jengo la Boulder kwa jicho hilo, utaelewa kwa nini lina mnara mrefu kuliko mahitaji. Lilijengwa na watu walioshuhudia miji jirani ikifa. Kanowna, mwendo mfupi kutoka hapo, ilikuwa na watu zaidi ya 12,000 mwishoni mwa karne ya 19; leo ni mahame matupu, umebaki mpangilio wa mitaa na makaburi.

Mbona kuna kumbi mbili za mji, na zote za mwaka mmoja?

Kwa sababu ilikuwa miji miwili iliyoshindana. Kalgoorlie ilikuwa na mabenki, mahoteli na maofisa. Boulder ilikuwa na migodi na wafanyakazi. Zimetengana kama kilomita 5, na kuanzia 1902 ziliunganishwa na tramu ya umeme. Halmashauri moja ilipojenga, nyingine haikukubali kuachwa nyuma, na zote zikamaliza kumbi zao 1908. Ule wa Kalgoorlie uko Hannan Street. Wa Boulder uko Burt Street, kwenye kona ya Lane Street. Mgeni akiambiwa "twende ukumbi wa mji" aulize kwanza: upi?

"Ukumbi wa mji" ni nini hasa?

Katika miji ya Australia ya wakati ule lilikuwa jengo la kazi tatu: ofisi za halmashauri na chumba cha madiwani upande wa mbele, ukumbi mkubwa wenye jukwaa nyuma, na mnara juu. Asubuhi ulilipia kodi ya kiwanja, jioni ukacheza dansi, wiki iliyofuata ukasikiliza mhubiri au mgombea wa bunge palepale. Msomaji wa Dar es Salaam afikirie Ukumbi wa Karimjee, ambao nao umebeba vikao vya madiwani, Bunge na shughuli za watu. Tofauti ni kwamba Boulder jukwaa lilifanywa kuwa la maigizo kamili, lenye pazia la kuchorwa. Pazia hilo ndilo linalowatoa watu mbali leo kuja kulitazama.

Maji ya kujengea yalitoka wapi katika jangwa lile?

Swali zuri, maana bila jibu lake hakuna tofali. Mvua ni kama milimita 260 kwa mwaka, na maji ya chini ya ardhi ni ya chumvi, sehemu nyingine yanaizidi bahari. Miaka ya mwanzo maji ya kunywa yalipatikana kwa kuchemsha maji ya chumvi na kukusanya mvuke, kwa kuni nyingi na bei ya kuumiza. Homa ya matumbo iliua wengi.

Mhandisi C. Y. O'Connor akabuni bomba la chuma kutoka bwawa la Mundaring, karibu na Perth, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 na vituo 8 vya pampu za mvuke za kuyapandisha maji. Yeye mwenyewe hakuyaona yakifika: alijiua Machi 1902, akiwa ameandamwa na magazeti na wanasiasa. Maji yalifunguliwa Kalgoorlie tarehe 24 Januari 1903. Miaka mitano baadaye miji yote miwili ilikuwa na kumbi za tofali.

Hili ni jambo la ufundi pia. Chokaa iliyochanganywa na maji ya chumvi huacha chumvi ndani ya ukuta, na chumvi ile haitoki hadi leo. Ukikuta jengo la machimbo lililojengwa kabla ya 1903, tarajia matatizo ya chumvi yaliyotoka ndani ya ukuta wenyewe, achilia mbali yanayopanda kutoka ardhini.

Pazia la Goatcher ni nini?

Ni pazia la mbele la jukwaa, lililochorwa kwa mkono mwaka 1908 na Philip Goatcher. Linaonyesha mandhari ya ghuba ya Naples, Italia. Mapazia kama hili yalishushwa kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine ili watazamaji wawe na kitu cha kutazama wakati mafundi wanabadilisha jukwaa.

Goatcher hakuwa fundi wa mtaani. Alizaliwa London 1851, akachora mandhari za maigizo New York kwenye Wallack's Theatre, na mwaka 1890 akaletwa Australia na kampuni ya J. C. Williamson, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika maigizo nchini humo. Uzeeni alihamia Perth na kufanya kazi ya mapambo ya majengo hadi alipofariki 1931. Maana yake ni kwamba mji wa wachimbaji katikati ya jangwa ulipata kazi ya mkono uliokuwa umezoea majukwaa ya miji mikubwa ya dunia.

Kazi za wachoraji wa jukwaa hazikukusudiwa kudumu. Pazia likichakaa lilipakwa upya, likakatwa, au likatupwa. Hili la Boulder liliokoka kwa sababu lilikunjwa juu ya jukwaa na kusahauliwa, na sasa ni kati ya mapazia machache mno ya Goatcher yaliyosalia duniani. Limekwisha kukarabatiwa na hutazamwa ukumbini humo humo, mahali lilipotundikwa tangu mwanzo. Kwa maoni yetu hilo lina thamani kuliko kulihamishia makumbusho yenye kiyoyozi.

Kwa nini Naples na si Boulder?

Bahari ya buluu na anga la Italia vilikuwa mtindo wa kawaida wa mapazia ya mbele karne ya 19. Lakini hebu fikiria mtu aliyetoka zamu chini ya ardhi, vumbi jekundu puani, maji yakiuzwa kwa kipimo, ameketi mbele ya ghuba nzima ya maji. Hakuna aliyetaka kulipa kiingilio aonyeshwe lundo la mchanga wa mgodi aliloliacha nyuma ya nyumba yake.

Rangi ya mapazia ya aina hii hutengenezwaje?

Si rangi ya mafuta. Wachoraji wa jukwaa wa enzi hizo walitumia unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya ngozi na mifupa, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Utaratibu ulikuwa hivi:

1. Gundi kavu inalowekwa usiku kucha katika maji baridi hadi inavimba. Kiasi cha kilo 1 kwa lita 10 za maji hutoa gundi nzito ya akiba.
2. Inapashwa moto ndani ya chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikichemka inapoteza nguvu ya kushika.
3. Turubai ya pamba au kitani inawambwa kwenye fremu na kupakwa gundi nyepesi pamoja na unga mweupe wa chaki. Inakaza kama ngozi ya ngoma.
4. Unga wa rangi unalowekwa maji kuwa uji mzito, kisha unaongezwa gundi iliyozimuliwa. Mchoraji anagusisha vidole viwili: vikinata kidogo vikiachana, gundi inatosha.
5. Anapaka ingali vuguvugu, kwa haraka, akikumbuka kwamba rangi ikikauka hupauka sana kuliko ilivyo mbichi.

Hatua ya 4 ndiyo huamua umri wa pazia. Gundi ikizidi, rangi hukakamaa, hupasuka na kubanduka vipande pazia linapokunjwa. Gundi ikipungua, rangi hubaki unga mtupu na huhamia kwenye nguo ya kila anayeigusa.

Nini huliharibu zaidi?

Maji. Gundi ile haiwi sugu kwa maji hata ikikaa miaka 100. Tone moja kutoka paa linalovuja huyeyusha rangi, huisukuma pembeni, na kuacha doa lenye ukingo mweusi kama alama ya kikombe cha chai. Doa hilo halifutiki kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa ndicho kitakachomaliza kilichobaki. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kulinda pazia hufanyika kwenye bati: kukagua misumari, viungo na mifereji ya paa juu ya jukwaa kabla ya msimu wa dhoruba.

Baada ya maji ni mikunjo. Mapazia haya huviringishwa kwenye gogo refu, na gogo likiwa jembamba mno mkunjo unakuwa mkali na rangi inapasuka kwa mistari ya mlalo. Likipinda katikati, turubai inabeba uzito upande mmoja na kutoa mawimbi. Kisha kuna vumbi la huko, jekundu na laini kama poda. Huondolewa kwa brashi laini sana na kifyonza vumbi cha nguvu ndogo kilichofunikwa wavu mdomoni, pazia likiwa limelazwa au limetulia wima, kutoka juu kwenda chini.

Kwa nini halishushwi kila wakati?

Kila mzunguko wa kushusha na kupandisha ni mzigo kwa turubai nzee. Uzito wote wa kitambaa, rangi na ufito wa chini hubebwa na sentimita chache za mshono wa juu. Wanaolishusha wanapaswa kuwa angalau wawili: mmoja kwenye kamba, mwingine mbele anayetazama kama pande zote mbili zinashuka sawa. Upande mmoja ukitangulia, wanasimama; hawavuti kwa nguvu kusawazisha. Kamba zilizonyauka na kapi zilizokauka ndizo chanzo cha kawaida cha kushuka upande.

Kwa hiyo usifunge safari ukidhani utalikuta liko chini. Uliza ofisi ya halmashauri au kituo cha wageni cha Kalgoorlie-Boulder kabla ya kununua tiketi. Kwa miaka mingi siku ya soko la Boulder, Jumapili ya tatu ya mwezi, imekuwa siku nzuri ya kubahatisha.

Naruhusiwa kupiga picha kwa mwanga wa kamera?

Fuata bango la siku hiyo. Kiufundi, mwako mmoja wa kamera una madhara madogo mno ukilinganisha na taa ya jukwaa inayowaka saa nzima mita 2 kutoka kwenye rangi. Vitu vya aina hii kwa kawaida huwekewa mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), ambao kwa macho yaliyotoka kwenye jua la Boulder utaonekana kama giza. Kaa dakika 5, macho yatazoea, na buluu ya maji itaanza kujitokeza.

Nikikodi ukumbi wenye pazia la zamani kwa harusi au tamasha, nizingatie nini?

Mashine ya moshi ni marufuku ya kwanza: ule moshi ni matone ya maji na glikoli, na yatatua juu ya gundi. Hakuna kupiga msumari wala kubandika mapambo kwa gundi ya karatasi kwenye lipu ya chokaa. Ukibandua, lipu inakuja nayo. Uliza sakafu ya jukwaa inabeba kilo ngapi kwa mita ya mraba kabla ya kuleta spika na piano, na uliza saketi za umeme ni ngapi na za ampea ngapi. Mapambo mazito yatundikwe kwenye vyuma vilivyowekwa kwa kazi hiyo, si kwenye dari.

Saa ya mnara inafanyaje kazi, na kwa nini saa za namna hii hukosea?

Saa ya mnara ya mtindo wa zamani ni mashine ya uzito. Uzito wa chuma unaning'inia kwenye waya, unataka kuanguka, na meno ya gurudumu yanauachia hatua moja moja kila timazi, yaani ufito wenye uzito chini unaoyumba huku na huku, inapoyumba. Kwa kawaida hupandishwa kwa mkono mara moja kwa wiki. Aliyesahau kupandisha Jumatatu atajulikana mji mzima Jumanne.

Kukosea kwake kuna sababu chache zinazojirudia. Joto ni la kwanza. Ufito wa chuma wa timazi hurefuka kama sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya joto, na saa hupoteza karibu nusu sekunde kwa siku. Kule wastani wa joto la mchana ni karibu nyuzi 34 Januari na 17 Julai. Tofauti hiyo ni sekunde 8 au 9 kwa siku, yaani dakika nzima kwa wiki. Dawa yake ni ufito wa mbao kavu iliyopakwa vanishi, au wa aloi isiyorefuka. Marekebisho madogo hufanywa kwa kuweka kipande kidogo cha uzito juu ya kibao cha timazi: ukiongeza saa inaharakisha, ukipunguza inachelewa. Usiguse mishale.

Vumbi ni la pili, na kwa mji wa migodi ndilo baya zaidi. Likichanganyika na oili ya kulainishia huwa msasa, linakula ekseli. Fundi mwenye akili hutia oili kidogo sana kwenye egemeo na hatii kabisa kwenye meno ya magurudumu. Kisha upepo unaosukuma mishale, na ndege wanaoona mshale wa dakika ni tawi la kukalia.

Tahadhari kwa anayesoma saa kwa Kiswahili: ule mshale ukionyesha 2, kwetu ni saa nane. Na Australia Magharibi iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5 mwaka mzima, kwa kuwa haibadilishi saa msimu wa kiangazi.

Kuta za tofali kule huliwa na nini?

Chumvi. Mgeni anaona unga mweupe chini ya ukuta, rangi inabanduka, tofali linamomonyoka kama biskuti, anadhani ni uzee. Kinachotokea ni kwamba maji yenye chumvi yanapanda ndani ya ukuta, yanakauka karibu na uso, na chumvi inaganda ndani ya vitundu vya tofali. Fuwele zikikua zinasukuma. Kila mvua na kila jua ni mzunguko mwingine.

Kosa la kawaida la karne ya 20 lilikuwa kupiga saruji juu ya eneo lililoharibika. Saruji haipumui, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na baada ya miaka michache uharibifu unatokea mita moja juu ya pale ulipokuwa. Wanaojua nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar wanaufahamu ugonjwa huu: ukuta wa chokaa na matumbawe uliopigwa lipu ya saruji huoza kwa ndani huku uso ukionekana mpya.

Matibabu yanakwenda hivi. Kwanza tafuta chanzo: bomba linalovuja, mfereji uliovunjika, udongo au zege lililorundikwa juu ya utando wa kuzuia unyevu. Bandua lipu yote ya saruji hadi nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Fagia chumvi ikiwa kavu, uizoe na uitoe nje. Ukimwagia maji unairudisha ndani. Kisha bandika rojo la karatasi iliyosagwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, unene wa sentimita 1 hadi 2, uache likauke lenyewe hata wiki kadhaa. Linapokauka linanyonya chumvi kutoka kwenye tofali. Libandue, rudia mara 2 au 3. Ukuta usio na utando wa kuzuia unyevu hukatwa kwa msumeno vipande vifupi vifupi, visivyofuatana, na kuwekewa mpya. Mwisho, lipu ya chokaa kwa mchanga msafi, kipimo 1 kwa 3, isiyo na saruji. Lipu hiyo itaharibika baada ya miaka, na ndiyo kazi yake: ife yenyewe badala ya tofali.

Wenye haraka huruka hatua ya rojo. Hao ndio hurudi kulipia kazi ileile mara ya pili.

Tetemeko la 2010 lilifanya nini Boulder?

Tarehe 20 Aprili 2010, saa mbili na dakika 17 asubuhi, ardhi ilitetemeka kwa ukubwa wa 5.0. Kwa kipimo cha dunia ni tetemeko la wastani, lakini kitovu kilikuwa karibu, tena si kirefu, na majengo ya kihistoria ya Burt Street ndiyo yaliyoumia zaidi. Hakuna aliyekufa.

Kilichoanguka kilifuata kanuni inayojulikana. Majengo ya mtindo ule yana kuta fupi zinazopanda juu ya paa ili kuficha bati na kuonyesha mwaka wa ujenzi. Ukuta huo hauegemei kitu: chini umeshikwa na chokaa iliyooshwa na mvua za karne nzima, nyuma hakuna nguzo. Jengo likiyumba, juu huyumba zaidi, na tofali huangukia mbele, yaani kwenye njia ya watembea kwa miguu. Mabomba ya moshi hufuata. Kuta kubwa za chini mara nyingi hubaki zimesimama na nyufa.

Ukarabati wa maana huanza kwa kuufunga ukuta huo kwa nyuma: nguzo za chuma zinazoshikana na mbao za paa, fito za chuma kisichoshika kutu zilizochimbiwa ndani ya tofali, na chokaa mpya kwenye maungio. Kutoka barabarani huoni kitu. Ukiona jengo la zamani linapakwa rangi kabla ya kazi hiyo kufanyika, hela imetumika mahali pasipo pake.

Je, kila mtu aliruhusiwa kuingia?

Kwenye karatasi jengo lilikuwa la umma, lakini "umma" wa 1908 ulikuwa na mipaka. Sheria ya 1905 ya Australia Magharibi iliipa serikali uwezo wa kutangaza maeneo ya miji kuwa marufuku kwa wenyeji wa asili. Watu wa Asia walizuiwa kisheria kuchimba dhahabu, ingawa ngamia za waliokuwa wakiitwa Waafghani ndizo zilizobeba mizigo ya machimbo, na inasemekana mitaa ilifanywa mipana ili misafara yao iweze kugeuka. Januari 1934 kulizuka ghasia dhidi ya wahamiaji wa Ulaya ya kusini. Nyumba na biashara zao zilichomwa Kalgoorlie na Boulder. Kwamba miongoni mwa walioteswa walikuwapo Waitalia, katika mji uliokuwa ukikaa mbele ya ghuba ya Naples kila pazia liliposhushwa, ni jambo ambalo mtembezaji mzuri atakutajia.

Sanamu ya Paddy Hannan iko kwenye ukumbi huu?

Hapana, ni ya ukumbi wa Kalgoorlie. Ilitengenezwa na John MacLeod na kuwekwa 1929, miaka minne baada ya Hannan kufariki. Ameketi na kiriba cha maji kinachotoa maji ya kunywa kweli. Iliyo nje barabarani ni nakala. Ya asili imehifadhiwa ndani.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja, hapana. Lakini dhahabu ina njia zake. Shimo kubwa la Super Pit, linaloonekana kutoka ukingo wa Boulder, lenye urefu wa kama kilomita 3.5 na kina cha zaidi ya mita 600, limekula migodi mingi ya zamani ya Golden Mile. Hadi 2019 nusu yake ilikuwa ya Barrick, kampuni ileile yenye migodi ya Bulyanhulu na North Mara nchini Tanzania.

Nafikaje?

Kutoka Afrika Mashariki utaunganisha ndege hadi Perth, mara nyingi kupitia Doha, Dubai au Johannesburg. Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya utalii, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Usinunue tiketi isiyorudishika kabla haijatoka. Kutoka Perth kuna ndege ya takriban saa moja, au treni ya Prospector kutoka kituo cha East Perth, safari ya kama saa 7. Viti vya treni huwekwa mapema, hasa karibu na sikukuu na mashindano ya farasi ya Septemba. Treni inaishia Kalgoorlie. Kutoka hapo chukua teksi au basi hadi Burt Street.

Ukiendesha gari, ni siku nzima. Jaza mafuta kila unapoona kituo, beba maji lita 5 kwa kila mtu, na usiendeshe baada ya jua kuzama kwa sababu ya kangaruu.

Nitenge muda gani, na nije mwezi gani?

Ukumbi wenyewe, saa moja na nusu inatosha kama pazia liko chini. Pamoja na Burt Street, roshani ya kutazamia Super Pit na ukumbi wa Kalgoorlie, tenga siku mbili. Mei hadi Septemba kuna ubaridi wa kupendeza mchana, na usiku utahitaji koti zito. Desemba hadi Februari joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Ukilazimika kuja wakati huo, tembea mitaani asubuhi na uache ndani ya ukumbi kwa saa za mchana. Mpiga picha wa nje asimame upande wa pili wa Burt Street ili mnara wote uingie. Na kabla hujaingia ndani kung'uta viatu mlangoni: lile vumbi jekundu unaloliingiza ndilo litakalofagiliwa kutoka kwenye pazia.